Jiko la Bibi Upande wa Kulia

Mimi tangu zamani ni mdaku. Nikipita mahali nikakuta watu wamesimama, lazima na mimi nisimame nijue kuna nini. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, badala ya kwenda dukani kununua unga, mimi na binti yangu tulijikuta tumekaa kwenye nyasi za bustani moja huku kwetu Ilford, tukiwatazama Waaustralia wakigombania mpira wenye umbo la yai. Jua lilikuwa limetoka, na London jua likitoka unalifuata kwanza, mengine baadaye.

Katikati ya uwanja refa akaurusha mpira juu. Warefu wawili, mmoja wa kila upande, wakaruka pamoja, vifua vikagongana puu! Mkono wa mmoja ukatangulia, akaugusa tu mpira kwa kiganja, ukadondoka upande wake wa kulia ambako mwenzake mfupi alikuwa anausubiri. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Jikoni!" Nilichelewa kidogo kujua kwamba mtu mwenyewe ni mimi.

Watu wakageuka kututazama. Binti yangu akafunika uso kwa mikono. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila kukisema ndiyo shughuli, jiko gani tena na sisi tuko bustanini? Swali zuri sana hilo. Nikamwambia akae vizuri nimweleze, na wewe pia kaa, kwa sababu jibu lake si la sentensi moja.

Nilikulia Edmonton, kwenye esteti ya maghorofa karibu na reli, fleti ya ghorofa ya tatu. Mama alikuwa anafanya kazi ya kea, anawaogesha na kuwalisha wazee wa watu, na shifti zake hazikuwa na mpangilio. Bibi, mama yake Mama, aliletwa kutoka Kilosa ili nikitoka shule nisiwe naingia kwenye nyumba tupu. Alikuja na kanga zake, mbuzi ya kukunia nazi iliyofungwa ndani ya taulo, na maneno mengi ya kusema.

Jiko lenyewe, chumba chenyewe namaanisha, lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana lazima waombane radhi. Naomba ulishike vizuri kichwani. Ukisimama mlangoni ukitazama ndani, jiko la kupikia liko mkono wako wa kulia, sinki iko kushoto, dirisha liko mbele yako. Dirishani unaona treni zikipita, na kila ikipita moja vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Palinukia vitunguu vinavyokaangwa tangu nikiwa chini kwenye ngazi. Nilikuwa najua siku ya maharage ya nazi kabla hata sijafika ghorofa ya pili.

Na Bibi alikuwa na sheria yake: mtoto hatoki nyumbani kwake na njaa. Hajali ni mtoto wa nani, hajali kama amekula kwao. Ukimleta rafiki kuchukua kitabu tu, amekwisha. Kwa kuwa hatukutosha kukaa, tulikula tumesimama, na Bibi ndiye aliyetupanga kama askari wa barabarani. "Wewe mrefu, dirishani! Wewe, kaa huko sinki! Wewe mdogo, njoo jikoni, lakini ukiungua usinililie!" Aliyechelewa alibaki mlangoni na sahani yake.

Tatizo lilikuwa moja. Bibi alisema na sisi kwa Kiswahili, sisi tukamjibu kwa Kiingereza. Hatukuwa na kiburi, ndivyo midomo yetu ilivyokuwa imezoea, tunasikia kila kitu halafu inatoka lugha nyingine. Bibi Kiingereza hakukijua. Kwa hiyo siku nzima alikuwa anatupa maneno na hayarudi. Aliwahi kuniambia huku akikoroga mchuzi, "Mke mwenzangu, humu ndani ninaongea na sufuria. Na afadhali sufuria, angalau inachemka." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku chache baadaye akamwambia Mama kwamba shule zikifungwa anarudi Kilosa. Mama akambembeleza, akamwambia hana mtu mwingine wa kumwangalia mtoto. Bibi akasema tiketi ikatwe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido nasikiliza, udaku wangu uleule. Nilijiona nafungua mlango wa fleti na hakuna harufu yoyote.

Wakati huohuo shuleni kwetu alifika mwalimu wa michezo wa muda kutoka Australia, pua imebabuka na jua la huko kwao, begani mfuko wa mipira ya ajabu. Akatukusanya wasichana. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wote na nilitembea nimejikunja ili nisionekane. Mwalimu akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akaniambia nijinyooshe, akanipeleka katikati ya uwanja.

Nikaanza maswali. Kwa nini mpira uko hivi? Mwalimu akajibu kwamba ungekuwa duara ungejua unadundia wapi, na hapo raha iko wapi? Kwa nini nguzo ni nne na hakuna wavu? Kwa nini refa anarusha mpira juu badala ya kumpa mtu? Alinijibu yote, maskini, na mimi nilikuwa sichoki. Kazi yangu aliiita ruck: mpira ukirushwa, mimi na mrefu wa upande wa pili tunaruka, na anayewahi anaugusa uwaangukie wafupi wake walio chini. Nikauliza, kwa nini nisiudake mwenyewe niondoke nao? Akasema ukidaka utakandamizwa na kundi zima. "Mpira si wako," alipenda kuniambia. "Wewe unapitisha tu."

Mfupi wangu alikuwa binti wa jirani, Mkongomani wa mlango wa pili, mwepesi, hashikiki. Kazi yake ilikuwa kuuokota mpira miguuni mwa watu na kuutoa nje ya lile rundo la mikono na magoti. Huko kwao Australia kuutoa huko wanakuhesabu kama sisi tunavyohesabu kona za soka. "Weye piga tu," alikuwa ananiambia, "miye niko hapa chini." Na kama upande wa pili ndio wameupata, kazi ya timu nzima ilikuwa kuwabana. Mwenye mpira humgusi vibaya, unamfuata tu, wewe na mwenzio na mwenzio mwingine, asikie vishindo vyenu mgongoni mpaka apige hovyo. Mwalimu alilipenda hilo kuliko mabao.

Nyumbani Bibi akataka kujua kwa nini narudi na magoti yenye matope. Nikamweleza kwa Kiingereza, akanitazama tu. Binti wa jirani akamweleza kwa Kiswahili chao cha Kongo, kwa mikono na miguu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Sijaelewa. Rukeni nione." Akachukua kiazi kitamu kwenye kapu, umbo lilelile la mpira, akakirusha mpaka karibu na dari. Nikaruka. Nikakipiga kikaenda kulia, binti wa jirani akakidaka sentimita chache kutoka kwenye mafuta ya moto.

"Ala!" Bibi akashangilia. "Kimekwenda jikoni! Tena!" Akakirusha, nikakipiga mbele. "Dirishani!" Nikakipiga kushoto kikaangukia ndani ya sinki, maji yakamrukia usoni, naye akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo, kila tukisubiri chakula, Bibi alirusha kiazi na kutangaza mahali kilipoangukia. Kiazi kikishachakaa tulikila.

Basi tukaenda kucheza na timu ya wasichana wa Lewisham. Binti wa jirani na mimi tulikuwa na siri yetu. Wachezaji wengine wote wanaambizana kwa Kiingereza mpira unakwenda wapi, sisi tutaambizana kwa Kiswahili, nani atajua? Refa anarusha, mimi nikiwa hewani napiga kelele, "Kulia!" na yeye anakwenda kulia. Ujanja mtupu. Ajabu ni kwamba kila akienda kulia anamkuta msichana wa Lewisham ameshafika. "Kushoto!" wako kushoto. "Nyuma!" wako nyuma. Walitubana mpaka tukaanza kulaumiana.

Mrefu wao alikuwa amenizidi kidogo, ana pengo katikati ya meno. Mwisho wa mchezo akaja kunipa mkono huku amejaa kicheko. "Aksanti sana, dada," akasema, "kwa kutuambia."

"Ni mutu wa kwetu!" binti wa jirani akapiga kelele, hajui acheke au alie. Tulikuwa tumesahau kitu ambacho hata Bibi wa Kilosa alikuwa anakijua, kwamba London hii huwezi kukosa Mkongomani.

Tukarudi tumenuna, timu karibu nzima, tukajazana kwenye lile jiko bila hamu. Walikuwemo Wasomali, Waghana, na Mturuki mmoja mpole aliyependa maandazi kupita kiasi. Bibi akauliza kuna nini. Akauliza tena, na safari hii nilimjibu kwa Kiswahili, kibovu, kinachopanda na kushuka, lakini Kiswahili. Nilitaka msaada, ndiyo sababu. Bibi akaacha mwiko.

"Sasa mlikuwa mnatangaza kama wanadi mitumba," akasema. "Kulia, kushoto, nani asiyejua? Semeni vitu vya humu ndani. Kiazi kikienda huku mimi nasemaje?"

"Jikoni," tukasema.

"Na huyo mrefu wa Lewisham amewahi kula humu?"

Tukatazamana. Mturuki wetu hakuelewa kitu, lakini alicheka alivyotuona tunacheka. Bibi akanyanyua mwiko. "Nitawafundisha. Ila kuanzia leo, humu ndani chakula kinaombwa kwa Kiswahili. Asiyeomba atanusa."

Lo, njaa ni mwalimu mkali. Wiki ile ungepita nje ya mlango wetu ungesikia, "Bibi, naomba wali," "Bibi, niongeze mchuzi," kwa lafudhi ambazo sijazisikia tena popote. Viazi vilirushwa. Jikoni ni kulia, sinki ni kushoto, dirishani ni mbele, mlangoni ni nyuma. Bibi alipata watu wa kuwafokea na wao wakamjibu. Alianza kuuliza nani anaumwa goti, nani mama yake yuko zamu. Lakini tiketi ya Kilosa ilikuwa palepale, na Mama alishaanza kununua zawadi za kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa naziona sabuni na mashuka kwenye sanduku, natamani kuzificha.

Lewisham walikuja kwetu mwezi Juni. Bibi alikuja kutazama, amevaa koti la baridi la Mama, juu ya koti kanga, na watu wote wako na fulana. Mwalimu akamletea kiti. Refa akarusha mpira wa kwanza, nikaruka na yule mwenye pengo, na nikiwa huko juu nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote, "Jikoni!"

Binti wa jirani akachomoka kulia, akauokota, akautoa. Yule mrefu akabaki amesimama, mikono kiunoni. "Jikoni wapi?" akauliza.

Mpira uliofuata, "Sinki!" Uliofuata, "Dirishani!" Nilimwona anageuka huku na huku, maneno yote anayajua, hata moja halimsaidii. Wenzake walimtazama yeye awaambie. Mturuki wetu mpole alikuwa anakimbia huku akipayuka, "Mlangoni! Mlangoni!" hata pale ambapo hakuna mtu aliyeuliza. Kule pembeni Bibi alikuwa ameshaacha kiti, anapiga vigelegele, na wazazi wa Kiingereza wakamsogelea wajue amepatwa na nini.

Utataka kujua kama tulishinda. Hatukushinda. Mipira karibu yote tuliitoa sisi, halafu tukifika mbele ya nguzo tunapiga pembeni, tunapiga juu, mmoja alipiga mpaka barabarani. Kufunga tulikuwa hatujajifunza. Bibi alitupokea akitikisa kichwa. "Kupika mnajua," akasema. "Kupakua ndiyo hamjui."

Hapo ndipo yule mrefu alipokuja, jasho linamtiririka, na mama yake nyuma yake ambaye alikuwa ametoka kazini na sare ya usafi. Akamwamkia Bibi vizuri, halafu akauliza kile alichokuja kuuliza. "Bibi, samahani. Jikoni ni wapi?"

Timu nzima tukamkodolea Bibi macho asiseme. Nilimfinya kabisa kwenye koti. Bibi akanitoa mkono akamjibu yule mtoto, "Twende ukaone. Mmekula nyie?"

Hivyo ndivyo siri yetu ilivyokwisha. Alipanda ngazi zetu kwa miguu yake, akasimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama dirishani. Pengo likaonekana lote. "Aaah!" akasema. "Njo vile!" Yaani, kumbe ndivyo.

"Bibi umetuuza!" nikamwambia, machozi yananilenga. Nilikuwa na hasira kweli.

"Mtoto ameniuliza jiko liko wapi," Bibi akasema. "Ulitaka nimfungie mlango? Mpishe apite, anatakiwa kukaa sinki."

Wakala. Mama yake yule mrefu aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwepo, akavua viatu, na yeye na Bibi wakaanza kuongea, huyu na Kiswahili chake cha Bukavu, huyu na chake cha Kilosa. Pale wasipoelewana walirudia, wakaelewana. Waliongea mpaka wali ukaliwa, chai ikanywewa, na sisi tukawa tumeshachoka kusikiliza. Sikuwahi kumwona Bibi anaulizwa maswali mengi hivyo na mtu mzima mwenzake. Alipowasindikiza mpaka kituo cha basi aliwaahidi maandazi Jumamosi inayofuata.

Mama aliporudi kutoka shifti akamwambia Bibi kwamba tiketi inatakiwa kulipiwa wiki hii, siku gani iandikwe? Nilikuwa naosha vyombo, nikafunga bomba nisikie. Bibi akamwangalia kana kwamba ameulizwa jambo la kijinga. "Nitaondokaje," akasema, "na nimeshaahidi watu maandazi?"

Nikafungua bomba tena kwa nguvu ili wasisikie ninavyolia.

Jumamosi ile ikazaa nyingine. Kila safari ilipokaribia palikuwa na mgeni aliyeahidiwa kitu, na Bibi si mtu wa kuvunja ahadi ya chakula. Alikaa mpaka nikaingia chuo. Mchezo uliofuata Lewisham walitusoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kila yule mrefu akinipokonya aliniambia kwa upole, "Sinki, dada." Nikamchukia, halafu nikampenda.

Sasa hakuna kilichobaki. Mwalimu alirudi kwao. Binti wa jirani alihamia Leeds na familia yake, tunatakiana heri sikukuu zikifika. Bibi alirudi Kilosa kwa miguu yake mwenyewe alipotaka, akafia kule, na mazishi niliyaona kwenye simu, picha inakatikakatika. Ile esteti wameivunja, wamejenga maghorofa mapya ya vioo. Niliwahi kwenda kutazama. Nilisimama kituo cha basi nikahesabu ghorofa kwa kidole nikitafuta lilipokuwa jiko, nikafika mahali ambapo sasa ni baraza ya mtu na baiskeli yake. Nilijiuliza kama yule mwenye baiskeli huwa anasikia harufu ya vitunguu. Najua hawezi kuisikia, lakini nilijiuliza.

Haya yote nilimweleza binti yangu pale kwenye nyasi, naye akanipiga maswali, kairithi tabia. Mchezo ulipokwenda mapumziko Waaustralia wakawaacha watoto waingie uwanjani. Akanivuta mkono. Nikamwambia mimi mtu mzima, magoti hayataki. Akanivuta tena. Mchezaji mmoja mwenye tumbo kubwa akakubali kuturushia. Nikamsimamisha binti yangu kando yangu, tunatazama upande mmoja, nikamwambia asikilize tu nitakachosema.

Mpira ukapanda. Nikaruka, sijui kwa miguu ya nani, kiganja kikaufikia. "Jikoni!" nikapiga kelele, nikaugusa uende kulia.

Binti yangu akachomoka mbio kushoto. Mpira ukaanguka peke yake kwenye nyasi, ukadunda hovyo kama kawaida yake. Yeye alikuwa amesimama kule, mikono imetandazwa, amekasirika.

"Mama! Jiko si liko huku!"

Kwa Kiswahili. Hakugugumia hata kidogo. Nikafungua mdomo nimwambie amekosea, jiko liko kulia, nimemaliza kumwambia sasa hivi. Halafu nikaliona jiko letu la Ilford, ambako kila siku anasimama mlangoni na kuniuliza kuna nini cha kula. Sinki iko kulia. Jiko liko kushoto.

Nikamwomba yule bwana aturushie tena. Safari hii niliupiga kushoto.